Orubugo Usio na Kiraka

Mwaka ule wa vita, nguo zilipoadimika hadi watu wakaanza kujificha, Felicitas mke wa Egbert alichukua mkasi akalikata gauni lake la mwisho la Jumapili. Alilikata mchana, mlango ukiwa wazi, kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo. Lilikuwa gauni la bafta nyeupe lenye ukosi wa lesi. Binti yake Eugenia alikuwa apokee kipaimara siku ya Pentekoste, na mama yake hakutaka asimame mbele ya askofu na kaniki iliyopauka. Kitambaa kilimtosha mtoto. Kwa mama hakikubaki hata cha kufunga kichwani.

Basi Felicitas akabaki na gauni moja la kazi, ambalo viraka vyake vilikuwa vingi kuliko gauni lenyewe. Akaacha kwenda kanisani. Maji akawa anayachota kabla watu hawajatoka, na akisikia mtu anabisha hodi humwitikia akiwa nyuma ya mlango.

Asiyeijua Karagwe ya siku zile anaweza kusema kwamba huo ni upuuzi wa wanawake. Haukuwa upuuzi. Mtu alikuwa anasomwa kutoka mbali, kabla sura yake haijaonekana. Ngozi iliyopakwa samli ilimtambulisha mfugaji. Mkulima alivaa orubugo, ile nguo ya gome la mti iliyo na rangi ya udongo. Kanzu nyeupe yenye koti juu yake ilikuwa ya mkungu, mkubwa wa kijiji, na ya wazee wa baraza. Kaptula na soksi ndefu zilikuwa za karani, na gauni lilikuwa la mke wa karani. Hata kanisani ilikuwa hivyo hivyo, ingawa hakuna padri aliyeagiza. Wenye magauni walikaa mbele kwenye mabenchi, na wenye orubugo na ngozi walikaa nyuma, chini, juu ya nyasi zilizotandazwa. Felicitas alikuwa amekaa mbele tangu aolewe. Wa nyuma alikuwa anawaona vichwa tu, wakati wa kutoka.

Na tena yeye si mtu wa kuja. Alizaliwa Karagwe hiyo hiyo, kijijini Kiruruma, binti wa Rwezaura aliyekuwa fundi wa kupiga orubugo. Alikulia katika mlio wa nyundo za mti. Kisha akasomeshwa na masista, akajifunza kushona na kusali, na Egbert, kijana wa Muleba aliyekuja Nyaishozi kuwa karani wa kupima kahawa ya wakulima, akampenda wakaishi huko. Siku ya kuondoka nyumbani, baba yake alimletea orubugo aliompigia mwenyewe, wa kujifunika bibi arusi wakati wa kuvuka kizingiti, kama ilivyokuwa desturi. Felicitas aliutazama, akaurudisha.

"Tata," alisema, "huko niendako hawavai haya."

Rwezaura aliukunja orubugo wake, akauweka chini ya kwapa, akaenda zake migombani. Binti akavuka kizingiti na gauni lake, akahesabu kwamba jambo limekwisha.

Pentekoste ilipokaribia, Felicitas alijikaza akaenda hadi duka la Seif. Seif alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, mcheshi, na duka lake ndilo lililokuwa likivisha Nyaishozi yote. Sasa alikuwa amekaa barazani, cherehani yake imefunikwa gunia.

"Shikamoo, mzee Seif."

"Marahaba, Mama Eugenia. Kama umekuja kwa ajili ya nguo, tuzungumze mambo mengine kwanza, tupate japo kucheka."

"Hata kaniki hamna?"

"Kaniki! Tazama hizo rafu. Zimebaki mbao. Majora yote yamekwenda kwa askari wanaopigana. Kidogo kinachosalia kinaanzia bomani, kinapita kwa wakubwa, na kikifika hapa kimekuwa hadithi." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe nikiwa na kanzu hii siinuki mbele ya wageni. Nyuma kuna dirisha."

Kutoka ndani sauti ya mkewe Maua ikadakia: "Sema kweli, baba! Kuna madirisha mawili na mlango!"

Felicitas alicheka, na kicheko kikamkauka mdomoni, kwa kuwa Joviana mke wa mkungu alikuwa anapita barabarani na gauni jipya la maua. Mgao wa wakubwa ulikuwa umefika kwake.

"Mwenzangu!" Joviana akaita. "Hatukuoni kanisani. Au siku hizi unasalia jikoni?"

"Nilikuwa siko sawa."

"Pole." Macho yake yakashuka juu ya viraka, kimoja baada ya kingine, bila haraka. "Pentekoste usikose. Mtoto wako asije akaonekana hana mama."

Maneno hayo yalimwingia. Mtu anaweza kuvumilia kudharauliwa yeye, lakini Felicitas alimwona akilini Eugenia akitembea peke yake kuelekea altareni, na kila mzazi akiwa ubavuni kwa wake. Usiku ule hakulala vizuri. Alfajiri aliondoka kwenda Kiruruma kwa baba yake, miaka mingi baada ya kuvuka kile kizingiti.

Rwezaura alikuwa amezeeka. Mabega bado yalikuwa mapana kwa kazi ya nyundo, lakini miguu ilikuwa imekonda. Alimtazama binti yake kuanzia juu hadi chini, akapokea salamu zake, kisha akasema:

"Gauni lako lina vibanja vingi, kama kijiji kilichogawanywa mashamba. Nani mkungu wake?"

Felicitas alipiga magoti, akainama. "Tata, nisaidie. Nimekosa cha kuvaa mbele ya watu."

"Na orubugo utauvaa mbele ya watu hao hao?"

"Nitauvaa."

"Ule wa arusi yako, mama yako alizikwa nao," mzee alisema. "Nilimvisha kwa mkono wangu kabla hujafika. Haukupotea bure."

Hakusema kwa kulaumu, na kwa sababu hiyo maneno yalikuwa mazito zaidi. Felicitas alibaki amepiga magoti, akizitazama nyasi zilizotandikwa sakafuni.

Basi mzee akamwita mwanawe Kaijage aliyekuwa akiishi naye, akachukua kisu, akawatangulia hadi mwisho wa migomba. Hapo palikuwa na mtoma mmoja, mti unaotoa gome la orubugo, ulionyooka kama nguzo, ganda lake laini bila kovu hata moja. Mitoma mingine yote shambani ilikuwa imevuliwa magome mara nyingi, ikawa na alama kama watu waliopigana. Huu ulikuwa haujaguswa. Felicitas aliukumbuka tangu utotoni, na hakuwahi kujua kwa nini unaachwa.

Kaijage alifungua kinywa. "Tata, lakini huu..."

"Nilikuwa nimeuweka," mzee akasema. "Sasa nimeutoa." Akamkazia macho mwanawe, na Kaijage akafunga kinywa.

Rwezaura alikwangua ganda la juu, likaanguka kama magamba. Akachora pete moja juu na nyingine chini, akapasua mstari mmoja kati ya pete hizo, akaingiza kipande cha mgomba kilichochongwa kama ulimi, akaanza kuachanisha polepole. Gome likatoka zima, bichi, lenye kumeta, likidondosha maji. Na mti ukabaki mweupe. Felicitas alirudi nyuma hatua. Alikuwa amezaliwa katika kazi hii na hakuwahi kuitazama kweli. Mti ulikuwa mbele yake uchi, unatoka jasho, katika jua, na ilikuwa kana kwamba anatazama jambo asilopaswa kulitazama.

"Unangoja nini?" baba yake akauliza. "Mvike."

"Nani?"

"Huyu. Amekupa nguo yake. Utamwacha hivi watu wakipita?"

Ndivyo wapigaji wa orubugo walivyofanya tangu zamani, na mpaka mti uvikwe hakuna anayeinua nyundo. Felicitas alikata majani mabichi ya migomba, akauzungushia mti tangu pete ya chini hadi ya juu, jani juu ya jani, akafunga kwa kamba za mgomba. Mara ya kwanza alifunga kwa haraka haraka, maana wanawake wawili walikuwa wanapita njiani na hakutaka mke wa karani aonekane akivisha mti. Mzee aliyaangalia yale mafundo, akayafungua yote, akamrudishia kamba. Mara ya pili alifunga kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Hakujali nani anapita.

Kisha kazi ikaanza. Gome lilibabuliwa motoni likalainika, likalazwa juu ya gogo ndani ya kibanda, na baba na Kaijage wakaketi huku na huku na nyundo za mti zilizochongwa mistari. Ko, ko, ko. Gome lililokuwa jembamba kama mkeka wa mtoto likaanza kupanuka. Kila pigo lililiongeza kidogo sana, jicho lisione, lakini ukigeuza uso ukarudi, limekua. Jasho lilimtiririka mzee, naye hakupumzika, kwa kuwa gome likikauka kabla ya wakati hupasuka. Felicitas alikaa akitazama. Hakuna uzi uliotiwa. Hakuna sindano. Kitu kilikuwa kinatoka katika ubavu wa mti, kinapanuka mbele ya macho yake, na mwisho kikafunika gogo, kikafunika magoti ya mzee, kikamwagika sakafuni. Masista walimfundisha kwamba Mungu mwenyewe aliwashonea wazazi wetu wa kwanza mavazi. Siku hiyo ndipo alipoanza kufikiri ilikuwaje.

Waliutandaza juani, wakaukandamiza kwa mawe. Ulikuwa na rangi hafifu ya ugoro mbichi. Jua likaufanyia kazi, na Felicitas aliporudi baadaye kuuchukua, ulikuwa mwekundu kama barabara ya Nyaishozi baada ya mvua. Ulikuwa mpana wa kutosha watu wawili. Haukuwa na kiungo, wala tundu lililozibwa, wala kiraka popote.

Siku ya Pentekoste Egbert alimwona mkewe akitoka chumbani, orubugo umefungwa chini ya makwapa na mshipi kiunoni, ukishuka hadi kwenye nyayo. Karani wa kahawa alivua kofia yake ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Twende," Felicitas akasema, akiona haya. "Usinitazame."

"Nitazame nini kingine?" alisema Egbert.

Kanisani miguu yake ilimpeleka mbele kwa mazoea. Joviana alimwona anakuja, akalitandaza gauni lake la maua juu ya benchi mpaka nafasi ikaisha.

"Umepotea njia, mwenzangu," alinong'ona. "Wa nguo hizo wanakaa kule."

Felicitas alisimama. Watu walitazama. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi lile miaka yote na hakuwahi kusogea kumpa nafasi mtu wa nyuma. Aligeuka, akaenda nyuma, akaketi juu ya nyasi.

Hapo bibi mmoja kizee aliyeitwa Adelgunda, mwenye orubugo uliochakaa hadi kuwa mweusi, alisogea kumpisha. Akanyosha mkono, akashika pindo la nguo ya Felicitas, akaisugua kati ya vidole.

"Waitu!" alisema kwa mshangao. "Kiungo kiko wapi?"

"Hakuna, bibi."

"Geuka." Felicitas akageuka kidogo. Kizee akakagua mgongoni. Kisha akawaambia wenzake kwa Kinyambo, na mikono ikaanza kunyoshwa kutoka kila upande, mikono migumu ya jembe, ikiugusa taratibu kama inavyomgusa mtoto mchanga. "Nimezikwa na kufufuka sijaona kama huu," kizee alisema. "Mwisho niliuona juu ya mtu wa ikulu, nikiwa msichana. Nani kaupiga?"

"Rwezaura wa Kiruruma. Baba yangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina hilo kanisani.

Jina la Eugenia lilipoitwa, mama alisimama akatembea naye kutoka nyuma kabisa, katikati ya watu wote. Jua la mlangoni lilikuwa mgongoni mwao. Lilipoangukia ule orubugo, uliwaka kama udongo unaochomwa, na kwa kuwa haukuwa na mshono wa kukatisha jicho, ulionekana kama kitu kilichoota pamoja na mwanamke mwenyewe. Ulitoa sauti ndogo ya majani makavu kila alipopiga hatua. Sauti hiyo ilisikika, maana kanisa lilikuwa limenyamaza. Wazee wa nyuma waliinuka, mmoja mmoja, bila kuambiwa. Askofu hakujua kwa nini wameinuka. Joviana alijua, naye alikuwa ameliondoa gauni lake juu ya benchi.

Hapo wengi wangeishia hadithi. Lakini heshima aliyoipata Felicitas siku ile ilikuwa haijamgharimu yeye kitu, na ya namna hiyo haidumu.

Kiangazi kilipoingia, habari ilikuja kutoka Kiruruma kwamba Rwezaura ameanguka kibandani, nyundo mkononi. Felicitas alifika akamkuta ameshafumba macho. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, na ndani ya nyumba Kaijage na wazee wa ukoo walikuwa wakibishana kwa sauti za chini. Mbele yao palikuwa na orubugo kadhaa zilizoletwa na majirani, nyingine fupi, nyingine zimeungwa ungwa.

"Mnabishania nini?" Felicitas akauliza.

Kaijage alimwonyesha zile za majirani. Katika ukoo ule fundi wa orubugo hakuzikwa kwa kazi ya mkono wa mwingine. Hilo alilijua. "Basi leteni aliojiwekea," akasema. "Kila fundi ana wake."

Kaijage aliinua macho mekundu. "Unao wewe."

"Mimi?"

"Mtoma ule aliupanda mwaka alipozaliwa mtoto wake wa kwanza. Aliutunza bila kuugusa ili siku zikikaribia ajipigie mwenyewe, mimi nikimsaidia. Ndio huo uliouvaa. Siku ile nilitaka kusema, ukaona alivyonikazia macho."

Felicitas alijitazama. Alikuwa ameuvaa hapo hapo, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya kufikia msibani. Mtoto wa kwanza wa Rwezaura alikuwa yeye. Mzee alikuwa amekaa miaka yote ile na nguo yake ya mwisho imesimama shambani, na binti aliyemrudishia zawadi yake kizingitini alipokuja na viraka, mzee aliivua nguo hiyo akampa, na akamtania ili asijisikie vibaya.

"Tokeni kidogo," aliwaambia wazee.

"Dada," Kaijage akasema, "una nini ndani yake?"

"Nina gauni langu la vibanja."

"Watu wote wako nje. Mke wa mkungu pia amekuja. Zichukue basi mojawapo ya hizi za majirani, ujifunike."

"Hizo wamezileta kwa ajili ya baba, si kwa ajili yangu. Tokeni."

Walitoka. Alifungua mshipi, akauvua orubugo, akautandaza sakafuni, ukajaza chumba. Kisha akawaita, na pamoja nao akamlaza baba yake katikati. Alikunja upande mmoja, akakunja wa pili, pindo juu ya pindo kama majani juu ya mti, na kamba akazifunga yeye. Hakuzifunga kwa haraka.

Walipombeba nje, ua mzima uliinuka. Mzee mdogo aliyekonda alionekana mkubwa, mwekundu, bila kiungo, kama mti uliolazwa. Watu walitazama mwili, kisha wakamtazama binti aliyekuwa akifuata nyuma na gauni ambalo jikoni tu ndipo mtu angelivaa, mabega yake yakionekana kati ya viraka. Hakuna aliyecheka. Adelgunda kizee, aliyekuja na fimbo yake kutoka mbali, aliweka mkono kinywani akaacha njia wazi mbele yake, kama anavyoachiwa njia mkubwa.

Baada ya mazishi Felicitas alipitia mwisho wa migomba. Majani aliyoufungia mtoma yalikuwa yamekauka, yamekuwa ya kahawia. Alilegeza kamba moja, akachungulia. Chini yake ganda jipya lilikuwa limeota, jembamba, laini, lenye kijani cha maziwa, likipumua. Alilifunika tena.

Njia ya kurudi Nyaishozi ilipita katikati ya maduka, na kulikuwa na kijia cha nyuma ambacho kwa miezi mingi ndicho alichokuwa akikitumia. Egbert alikielekea bila kuuliza.

"Hapana," alisema mkewe. "Huku."

Walipita barabarani, mchana, mbele ya watu. Seif alikuwa barazani kwake. Alipomwona akainuka wima, akasahau kabisa dirisha na mlango wa kanzu yake. Joviana, aliyekuwa amewatangulia kurudi, alitoka nje na kanga yake ya pekee mkononi, akaja nayo hadi katikati ya barabara.

"Mama Eugenia," alisema, na sauti haikuwa ile ya siku zote. "Jifunike, mwenzangu. Unatembea hivyo hadi nyumbani?"

"Ahsante, dada. Iweke, utaihitaji." Felicitas hakukasirika. "Mimi nguo yangu ninajua iliko."

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na viraka vyake. Benchi la mbele lilikuwa na nafasi, pana, iliyofutwa vumbi. Alimsalimu Joviana kwa heshima, akapita, akaenda kuketi juu ya nyasi karibu na Adelgunda.